Virusi vya Gairo na safari ya sampuli: maabara za pamoja zinavyosoma mazingira ya Morogoro

GAIRO, kwa msafiri wa barabara ya Morogoro hadi Dodoma, ni mji wa viazi vitamu na upepo wa baridi. Basi husimama kwa dakika chache, wachuuzi hulizunguka madirishani, kisha safari huendelea. Lakini katika orodha ya kimataifa ya virusi, Gairo ni jina la virusi vinavyoishi ndani ya panya wa mashambani, vilivyotangazwa mwaka 2015 katika jarida la kisayansi la Virology.

Jambo la kwanza analostahili kuambiwa mkazi wa wilaya hiyo ni kwamba hakuna ugonjwa wowote wa binadamu unaojulikana kusababishwa na virusi hivyo. Jina limetokana na mahali walipokamatwa panya, kama ilivyo desturi ya muda mrefu ya wanasayansi. Kwa upande wa majina ya magonjwa, Shirika la Afya Duniani (WHO) liliomba desturi hiyo iachwe katika mwongozo lililoutoa mwaka huo huo wa 2015, kwa sababu ya unyanyapaa unaowapata watu wa maeneo yanayotajwa.

Jambo la pili linahitaji maelezo marefu zaidi. Virusi vya Gairo havionekani kwa macho, wala panya aliyeambukizwa haonyeshi dalili za kuumwa. Kilichovifichua ni teknolojia ya kusoma vinasaba, yaani maandishi ya kikemikali yaliyomo ndani ya kila kiumbe, ambayo kwa ujumla wake huitwa jenomu. Mashine za kazi hiyo ni ghali, vitendanishi vyake huharibika upesi na wataalamu wake ni wachache. Ndiyo maana, duniani kote, sehemu kubwa ya kazi hiyo hufanyika katika maabara za pamoja: vituo ambavyo si mali ya mradi mmoja wala mtafiti mmoja, bali hupokea sampuli za wengi. Vinasaba vya virusi vya Gairo vilisomwa kwa ushirikiano wa namna hiyo, na sampuli zake zilisafiri mbali.

Panya yule yule, virusi tofauti

Panya anayehusika huitwa kisayansi Mastomys natalensis. Mkulima humjua kama panya shamba tu. Jike huwa na chuchu zinazofikia 24, na idadi hiyo inaeleza mengi kuhusu uwezo wake wa kuzaa. Anapatikana karibu kote Afrika kusini mwa Sahara, hufukua mbegu za mahindi siku chache baada ya kupandwa, na mvua zikiwa nzuri huongezeka hadi kuwa balaa. Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA) kimemchunguza kwa miongo kadhaa kupitia kituo chake cha utafiti wa viumbe waharibifu. Watu wengi hukifahamu kituo hicho kwa sababu ya jirani yake APOPO, shirika lililofundisha panya buku kunusa mabomu ya kutegwa ardhini na vimelea vya kifua kikuu.

Huko Afrika Magharibi, panya shamba wa jamii hiyo hiyo hubeba virusi vya homa ya Lassa. Ugonjwa huo ulitambuliwa mwaka 1969 katika mji wa Lassa, kaskazini mashariki mwa Nigeria, na makadirio yanayotumiwa mara nyingi yanasema huua watu wapatao 5,000 kila mwaka. Swali lililowasumbua watafiti ni rahisi kuuliza: ikiwa panya ni yule yule kuanzia Nigeria hadi Tanzania, kwa nini Lassa haijafika huku?

Jibu lilianza kuonekana Morogoro. Mwaka 2009 yalichapishwa matokeo yaliyoonyesha kuwa panya shamba wa Morogoro wana virusi vyao vya ukoo wa karibu na Lassa, vikapewa jina la virusi vya Morogoro. Kisha likafuata lile la Gairo. Kundi lililoongozwa na Sophie Gryseels wa Chuo Kikuu cha Antwerp nchini Ubelgiji, wakiwamo Rhodes Makundi wa SUA, Herwig Leirs wa Antwerp na Stephan Günther wa Taasisi ya Bernhard Nocht ya Hamburg, Ujerumani, lilikuta kwamba panya wa Gairo hawana virusi vya Morogoro, ingawa umbali kati ya maeneo hayo mawili ni kilometa 90 hivi. Walikuwa na virusi vingine kabisa. La kushangaza zaidi, jamaa wa karibu wa virusi hivyo walikuwa wamepatikana Jamhuri ya Afrika ya Kati na Ethiopia, tena ndani ya panya wa aina nyingine.

Mwaka 2017 watafiti walieleza sababu katika jarida la PLoS Pathogens. Walikamata panya katika eneo linalotenganisha Gairo na Morogoro na kusoma vinasaba vya pande zote mbili, vya panya na vya virusi. Ilibainika kwamba panya shamba, ambaye kwa macho ni mmoja, kwa vinasaba ni koo mbili zinazokutana katika eneo hilo na kuzaliana. Virusi vya Gairo hukaa kwa ukoo mmoja, vya Morogoro kwa ukoo mwingine, na vyote viwili hupatikana pamoja katikati ya eneo la makutano tu. Hakuna mto, mlima wala jangwa linalovizuia kusonga mbele. Mashamba yanaendelea pande zote na panya wamejaa. Kizuizi, kwa maelezo ya watafiti hao, kimo ndani ya mwili wa panya mwenyewe.

Kwa hiyo kipande cha ardhi kati ya Gairo na Morogoro kimesaidia kueleza kwa nini ugonjwa wa Afrika Magharibi umebaki Afrika Magharibi. Si wilaya nyingi zinazoweza kudai mchango wa namna hiyo, na pengine si wakazi wengi wa Gairo waliowahi kuelezwa habari zake.

Kazi yenyewe haikuwa nyepesi. Panya wengi walikuwa na kingamwili, dalili kwamba waliwahi kuambukizwa na kupona, lakini wachache tu walikuwa na virusi vyenyewe mwilini siku waliyokamatwa. Mtafiti hulazimika kutega mitego mingi, kukamata panya wengi na kupima kila mmoja ili apate sampuli chache zenye virusi vya kusomwa. Baada ya hapo ndipo mashine huanza kudai gharama zake.

Mashine kama daladala

Ukubwa wa gharama hizo ndio chimbuko la wazo la maabara za pamoja. Mradi wa kusoma jenomu ya binadamu, uliofanyika kati ya mwaka 1990 na 2003, uligharimu takriban dola za Marekani bilioni 2.7. Tangu hapo bei ya kusoma vinasaba imeporomoka mno, lakini bei ya mashine kubwa haikufuata mkondo huo. Kampuni ya Illumina ya Marekani ilipotoa mashine zake za NovaSeq mwaka 2017, moja iliuzwa kwa dola 850,000 na nyingine kwa dola 985,000, kabla ya kununua tone la kitendanishi.

Mashine kubwa hufanana na daladala: haiondoki mpaka ijae. Kila sampuli hubandikwa alama yake ya vinasaba, mfano wa tiketi, kisha sampuli za watafiti mbalimbali husomwa kwa safari moja na kutenganishwa na kompyuta mwishoni. Ikijaa, nauli ya kila sampuli huwa ndogo. Ikiendeshwa na sampuli chache, nauli hupanda hadi haivumiliki. Chuo kimoja chenye watafiti watano wa mazingira hakiwezi kuijaza. Vyuo 20 vinaweza.

Uingereza ilitambua hilo mapema. Baraza lake la utafiti wa mazingira, NERC, linagharimia kituo cha pamoja cha jenomu za mazingira chenye makao katika vyuo vikuu vya Liverpool na Sheffield. Mtafiti wa samaki, wa nyuki au wa udongo hapewi fedha za kununua mashine. Huomba nafasi, hushindanishwa na wenzake, na akishinda huletewa huduma pamoja na mafunzo. Hilo la mafunzo lina uzito kuliko linavyoonekana, kwa maana mashine hutoa herufi kwa mamilioni, na anayezisoma bila ujuzi wa takwimu na kompyuta hupata kelele badala ya jibu.

Daladala, hata hivyo, ina kasoro inayojulikana na kila abiria: haimfai mwenye haraka. Mtafiti wa vyura anaweza kusubiri miezi mitatu. Mganga wa wilaya mwenye wagonjwa wa homa isiyojulikana hawezi kusubiri hata wiki.

Nairobi, Morogoro na kivuli cha mti

Katika Afrika Mashariki jaribio kubwa la kwanza la maabara ya pamoja ya aina hii lilifanyika Nairobi. Mwaka 2004, chini ya mwavuli wa NEPAD, kilianzishwa kituo cha sayansi za baiolojia kwa nchi za Afrika Mashariki na Kati, kinachojulikana kwa kifupi kama BecA, ndani ya uwanja wa Taasisi ya Kimataifa ya Utafiti wa Mifugo (ILRI). Maabara zake mpya zilizinduliwa rasmi mwaka 2010, kwa fedha za wafadhili ikiwamo Canada. Kupitia programu ya ufadhili iliyoanza mwaka huo, watafiti wa vyuo na taasisi za serikali wa nchi za ukanda huu, Tanzania ikiwamo, walipata nafasi ya kwenda na sampuli zao, kukaa kwa miezi kadhaa, kufanya kazi kwa mikono yao wenyewe na kurudi na matokeo.

Tofauti kati ya kutuma sampuli na kwenda nayo ni kubwa kuliko inavyodhaniwa. Anayetuma kifurushi Ulaya hurudishiwa faili. Anayekwenda Nairobi hurudi akiwa amejifunza kwa nini sampuli zake kumi ziliharibika, na safari ijayo haziharibiki. Hii ndiyo hoja yenye nguvu zaidi ya kuwa na maabara za pamoja zilizo karibu, na inazidi ile ya kuokoa nauli ya ndege.

Udhaifu wa BecA ulikuwa ule ule wa taasisi nyingi za kanda. Serikali zilizonufaika hazikuwa wachangiaji wakuu wa fedha zake, na kituo kinachotegemea wafadhili huyumba wafadhili wanapobadili vipaumbele.

Morogoro nako mambo hayakusimama. Mwaka 2008 ilianzishwa SACIDS, taasisi ya ushirikiano wa nchi za kusini mwa Afrika inayochunguza magonjwa ya kuambukiza ya binadamu na wanyama kwa pamoja, makao yake yakiwa SUA. Baadaye iliingia katika mpango wa Benki ya Dunia wa vituo vya umahiri vya elimu ya juu barani Afrika, na kituo cha SUA cha utafiti wa panya nacho kikaingia katika mpango huo huo. Watafiti wa SACIDS wamekuwa wakisoma vinasaba vya virusi vya mifugo, vikiwamo vya homa ya nguruwe ya Afrika, ugonjwa ambao hauna tiba na unaoweza kumaliza banda zima. Kwa maneno mengine, aina ya kazi ambayo kwa virusi vya Gairo ilihitaji kushirikisha maabara za Antwerp na Hamburg, kwa sehemu sasa inawezekana mwendo wa saa chache kutoka Gairo.

Kwa sehemu, kwa sababu si kila hatua inaweza kufanyika popote. Kukuza virusi hatari vikiwa hai kunahitaji maabara ya daraja la nne la usalama, ambalo ndilo la juu kabisa, na Taasisi ya Bernhard Nocht inayo. Kusoma vinasaba vya virusi vilivyokwisha kuuliwa kwa kemikali hakuhitaji kiwango hicho. Mijadala mingi kuhusu uwezo wa maabara za Afrika huchanganya mambo haya mawili, na hivyo kufanya jambo linalowezekana lionekane ndoto.

Mabadiliko makubwa zaidi yaliletwa na kifaa kidogo. Mwaka 2014 kampuni ya Oxford Nanopore ya Uingereza ilianza kuwapa watafiti MinION, mashine ya kusoma vinasaba inayoenea kiganjani, yenye uzito usiofikia gramu 100 na inayochomekwa kwenye kompyuta ya mapajani. Seti ya kuanzia iliuzwa kwa dola 1,000. Tukirudi kwenye mfano wa usafiri, hii ni bodaboda: huondoka na abiria mmoja, hufika pasipofika basi, na kwa kila kilometa hutoza zaidi.

Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi za kwanza kuipeleka shambani. Mwaka 2017 watafiti wa muhogo, akiwamo Joseph Ndunguru wa Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Mikocheni, Dar es Salaam, wakishirikiana na Laura Boykin wa Australia na wenzao wa Uganda na Kenya, waliitumia kutambua virusi vinavyosababisha batobato na michirizi ya kahawia. Wakulima waliozoea kusubiri majibu kwa miezi waliyapata ndani ya saa 48. Mwaka uliofuata kundi hilo liliondoa hata jengo: chini ya kivuli cha mti katika shamba moja nchini Kenya, kwa betri na kompyuta, majibu yalipatikana siku hiyo hiyo.

Mafanikio hayo yaliwafanya baadhi ya watu waseme kwamba enzi ya maabara za pamoja imekwisha. Hoja hiyo ina haraka kupita kiasi. Sahani za MinION, ambazo ndizo zinazosoma vinasaba, hudumu kwa takriban miezi mitatu tu na lazima zikae kwenye jokofu. Vitendanishi vingine huhifadhiwa katika nyuzi 20 chini ya sifuri. Shehena ikikwama bandarini au uwanja wa ndege kwa wiki tatu kusubiri kibali, robo ya uhai wake imekwenda, na umeme ukikatika usiku mzima bila jenereta, vilivyobaki vinaweza kwenda navyo. Mtafiti mmoja mwenye kifaa kimoja hawezi kuagiza vitendanishi kwa wingi wala kumlipa fundi. Kituo cha pamoja kinaweza. Kilichobadilika ni sura ya kituo: badala ya mashine moja kubwa yenye foleni, kinaweza kuwa ghala la vitendanishi, majokofu ya nyuzi 80 chini ya sifuri, kompyuta yenye nguvu na wataalamu, huku vifaa vidogo vikitoka kwenda Gairo, Kilosa au Mvomero na kurudi.

Mwelekeo huo umeonekana pia katika ngazi ya bara. Oktoba 2020 kituo cha Umoja wa Afrika cha kudhibiti magonjwa, Africa CDC, kilizindua mpango wa dola milioni 100 wa kuunganisha maabara za kusoma jenomu za vimelea. Mwaka uliofuata ukaanzishwa mradi wa jenomu za bayoanuwai ya Afrika, wenye lengo la kusoma jenomu za aina 105,000 za viumbe wa bara hili kwa gharama inayokadiriwa kuwa dola bilioni moja katika miaka kumi, kazi hiyo ikigawanywa kwa kanda tano. Ni lengo kubwa mno na fedha zake hazikuwa mkononi lilipotangazwa. Lakini mgawanyo wa kikanda ni wazo sahihi.

Sampuli ni ya nani?

Panya anapokamatwa Gairo, kipande cha nyama yake kinapitia mikono mingi. Utafiti unaohusisha wageni unahitaji kibali cha Tume ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH), na ule wa wanyamapori unahusisha Taasisi ya Utafiti wa Wanyamapori (TAWIRI). Sampuli ikivuka mpaka huambatana na mkataba unaosema itatumika kwa kazi gani. Itifaki ya Nagoya, iliyopitishwa mwaka 2010 na kuanza kutumika mwaka 2014, inataka nchi ilikotoka rasilimali ya kijenetiki ishirikishwe katika manufaa yake.

Sheria hizo zilitungwa zikifikiria kitu kinachoshikika: mbegu, damu, ngozi. Jenomu ikishasomwa hugeuka kuwa herufi, na herufi hupanda kwenye intaneti. Vinasaba vya virusi vya Gairo vimo katika hifadhi za wazi za kimataifa, ambako mtafiti yeyote wa Tokyo au Boston anaweza kuvichukua bila malipo na bila kumuomba mtu. Uwazi huo una faida kubwa. Bila hiyo isingewezekana kulinganisha panya wa Gairo na wa Ethiopia. Lakini huifanya mikataba ya sampuli ifanane na mlango uliofungwa kwa kufuli huku dirisha likiwa wazi.

Mkutano wa bayoanuwai wa Umoja wa Mataifa uliofanyika Cali, Colombia, mwaka 2024 ulijaribu kuziba pengo hilo. Uliamua kwamba kampuni kubwa zinazonufaika na taarifa hizo za vinasaba, kama za dawa na vipodozi, zinapaswa kuchangia asilimia moja ya faida yao au asilimia 0.1 ya mapato katika mfuko maalumu, na kwamba angalau nusu ya fedha hizo ielekezwe kwa jamii za asili na za wenyeji. Mfuko wa Cali ulizinduliwa Februari 2025 mjini Roma. Neno lililotumika ni "zinapaswa", wala si "lazima", na hapo ndipo penye kazi.

Kwa nchi kama Tanzania, ulinzi wa kweli zaidi pengine hautokani na mfuko. Anayesoma vinasaba nyumbani ndiye huamua swali, ndiye wa kwanza kuona jibu na ndiye huchagua lini aliweke wazi. Maabara ya pamoja iliyo Morogoro au Nairobi inampa mtafiti wa SUA nafasi hiyo. Faili linalotumwa kutoka ng'ambo humpa nafasi ya kusoma tu yaliyokwisha kuamuliwa.

Vyura wa milima ya Ukaguru

Historia ya jambo hilo ni ndefu kuliko mashine zenyewe. Wakati wa utawala wa Wajerumani vyura wa milima ya Tanzania walichukuliwa na kuhifadhiwa ndani ya chupa katika makumbusho ya Berlin. Miongoni mwao walikuwamo vyura wa jenasi ya Nectophrynoides, wanaojulikana kwa kuzaa watoto kamili badala ya kutaga mayai. Mwaka 2025 watafiti, akiwamo John Lyakurwa wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, walichapisha matokeo ya kusoma vinasaba vilivyochakaa vya vielelezo vya makumbusho, vingine vikiwa na umri wa zaidi ya karne moja. Kwa kuvilinganisha na vyura wa sasa, walitenganisha aina tatu mpya ambazo hapo awali zilihesabiwa pamoja na aina nyingine. Kazi hiyo haiwezekani bila maabara maalumu, kwa sababu chembe moja ya vinasaba vipya ikipenya huvifunika vile vya kale.

Gairo iko kando ya milima ya Ukaguru, sehemu ya Tao la Mashariki, safu ya milima inayoanzia Taita nchini Kenya hadi Udzungwa. Misitu yake ni chanzo cha maji yanayoishia mto Wami, na ina viumbe wasiopatikana kwingine. Mwaka 2023 alitangazwa chura mwingine mpya wa huko, Hyperolius ukaguruensis, ambaye tofauti na vyura wengi haliti. Kumtafuta chura asiye na sauti, usiku, katika msitu wenye ukungu, ni kazi ya bahati.

Hapo ndipo njia mpya zaidi ya vinasaba inapoweza kusaidia. Kila kiumbe huacha chembe za ngozi, ute au kinyesi katika maji na udongo anamopita. Mtafiti huchota lita chache za maji ya kijito, huzichuja kwa karatasi laini, huihifadhi karatasi hiyo na kuipeleka maabara, ambako vinasaba vilivyonaswa husomwa vyote kwa pamoja na kulinganishwa na orodha ya viumbe wanaojulikana. Hakamatwi chura hata mmoja. Njia hiyo inaweza pia kuonyesha kuvu wa ngozi aliyehusishwa na kuporomoka kwa vyura wa maporomoko ya Kihansi mwaka 2003, kabla hajaenea. Vyura hao walitangazwa kutoweka porini mwaka 2009, na kurejeshwa kwao kuanzia mwaka 2012 kuliwezekana kwa sababu tu karibu 500 walikuwa wamepelekwa Marekani mwishoni mwa mwaka 2000.

Njia ya maji ina masharti mawili. La kwanza ni orodha ya kulinganishia: kinasaba kisichokuwamo katika orodha hubaki herufi zisizo na mwenyewe, na viumbe wengi wa Ukaguru bado hawajasomwa. La pili ni maabara safi, iliyo karibu, yenye uwezo wa kupokea karatasi za vijito vingi kwa pamoja na kuzirudia kila msimu, mwaka hadi mwaka. Hilo la pili ndilo maabara za pamoja zilivyoundwa kulifanya.

Miongoni mwa wanaosubiri kutafutwa hivyo ni chura aliyepewa mwaka 2002 jina la Kiswahili katika sayansi, Churamiti maridadi, kutoka msitu wa hifadhi wa Mamiwa-Kisara katika milima hiyo ya Ukaguru. Alielezwa kwa vielelezo viwili tu. Msafara uliopanda Ukaguru mwaka 2019 ukiwa na matumaini ya kumwona ulishuka na yule chura asiyelia, Churamiti hakuonekana.